Aliyeonja Kabla Yetu

Nilidhani nitabanwa, kama mtu aliyetiwa kwenye debe. Kumbe kuingia mwilini mwa panya ni kama kutoka nje ya nyumba uliyofungiwa tangu kuzaliwa.

Dakta Wakesho alikuwa amenibandika uzi kisogoni, ule utando mwembamba unaooteshwa kwa mizizi ya uyoga, wenye ubaridi na unyevu kama pua ya mbwa. Ncha yake ya pili ilikuwa chini ya ngozi ya panya jike mweupe aliyepakwa rangi ya njano utosini. Wenzake wawili walipakwa mgongoni na mkiani. Kwa hiyo yeye akaitwa Kichwa, na wale wakaitwa Mgongo na Mkia. Hakuna aliyejisumbua kutafuta majina bora.

"Funga macho, Mzee Nyange," dakta alisema. "Usitafute kitu. Ngoja kitu kikutafute."

Nikangoja. Halafu chumba kikapasuka.

Sijui namna nyingine ya kulisema. Mimi nimetembea. Nimelala Moyale, nimepika kwenye meli, nimebeba mawe Lubumbashi, na shule yangu yote nimeiokota njiani, darasa hapa, darasa kule. Nilidhani dunia nimeiona. Lakini pale, juu ya meza ya bati katika milima ya Taita, nikajua kwamba nilikuwa nimeiona kwa tundu la ufunguo. Kila kitu kilikuwa na harufu, na kila harufu ilikuwa na jana yake na juzi yake. Mkono uliotushika ulikuwa wa Maghanga, fundi wa maabara. Ndani ya mkono ule nilisikia sabuni, chai ya tangawizi, kutu ya mlango wa tundu, na chini ya hivyo vyote harufu chungu ya mtu anayeogopa. Alikuwa ametoka wodini, chini ya kilima, kumwona mkewe Saru. Mimi nilikuwa nimemsalimia asubuhi ile akacheka, nikaamini yuko salama. Kichwa hakudanganyika hata kidogo.

"Uko naye?" dakta aliuliza.

"Niko," nikasema. "Maghanga, pole kwa Saru."

Mkono ukashtuka. "Nani amekwambia?"

"Wewe."

Saru alikuwa na homa ya vumbi. Wakati ule nchi yote ya tambarare, kutoka Voi hadi ng'ambo ya Tsavo, ilikuwa imegeuka unga mwekundu, na unga huo ukiuvuta muda mrefu huziba figo. Mgonjwa huvimba uso, kisha mkojo wake unakuwa wa kahawia kama chai ya rangi, kisha haupo tena. Sisi tulikuwa tukiishi juu, penye nyavu zinazokamua maji kutoka kwenye ukungu. Na huko juu, msituni, uliota mmea mtambaazi tunaouita mnywaukungu. Dakta Wakesho alikuwa amechemsha magome yake, akayakausha yakawa unga mweusi, na kwenye chupa zake za majaribio unga ule ulizibua kila kilichozibwa na vumbi. Sasa kilichobaki ni kujua kama ukipita kinywani utaponya au utaua.

Ndiyo kazi ya panya. Na kwa Sheria ya Mwenza, hakuna mnyama aliyeruhusiwa kujaribiwa dawa bila mtu mmoja kukaa naye ndani ya mwili ule ule, na kusema kwa kinywa cha binadamu yanayompata. Mwenza hulipwa chakula na malazi, na hupewa neno moja: *Basi*. Akilitamka, jaribio linakufa pale pale, na dawa ile haijaribiwi tena mpaka baraza likae upya, na baraza lilikuwa halina haraka na mtu.

Uzi haushiki kwa kila mtu. Unashika kwa aliyewahi kuwa mgeni mara nyingi. Ndiyo maana nilikuwa pale.

"Leo maji matupu," Maghanga alisema. "Kumzoesha bomba."

Bomba hilo mbele lina sindano ndefu ya chuma yenye kitone cha mviringo, inayopitishwa kinywani hadi tumboni ili dawa isimwagike. Maghanga alikuwa na mkono mwepesi, sitamsingizia. Lakini nilikuwa ndani. Nilisikia chuma kikishuka kooni, na Kichwa akipigana kwa mwili wote, na mimi kwenye kiti nikapiga teke meza hadi kikombe cha dakta kikaanguka.

"Haya," dakta alisema, akiokota vigae. "Tunaye mwenza kweli."

*

Kesho yake nikaja na jambo langu.

Kwetu Taita, mtu akitaka kutoa kitu chenye uzito, hutasa. Huchota maji au juisi ya muwa kinywani, akapuliza yatoke kama manyunyu, huku akitamka kwamba moyo wake hauna hasira wala kinyongo na anayepewa. Bibi yangu alimtasia hata ndama kabla ya kumpa dawa ya minyoo. Na kutasa kuna sharti moja tu: unayoyasema yawe kweli. Ukitasa na moyo una jambo jingine, afadhali ungetukana.

"Nataka nionje dawa kwanza," nikamwambia dakta. "Kipimo cha Mkia, kile kidogo kabisa, lakini kwa uzito wangu mimi. Halafu nimtasie."

Dakta Wakesho alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, anayekunja mikono kila anapofikiri. Akaikunja. "Kipimo cha chini hakina shida. Kijiko. Lakini kwa nini?"

"Kwa sababu nimesikia kile chuma."

Maghanga akacheka. "Mwache, Daktari. Na mimi bibi yangu angenichapa kwa kumpa mtu dawa nikiwa nimenyamaza."

Nikanywa. Chungu! Uchungu wa mnywaukungu unakaa kwenye ulimi kama mgeni asiyejua kuaga. Nikapuliza manyunyu juu ya tundu, nikasema sina baya na aliyemo, kisha nikainamisha uso. Mkia akaja. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka pua yake kwenye midomo yangu, masharubu yakinitekenya, akavuta pumzi yangu mara nyingi za haraka haraka. Halafu akageuka, akalishika bomba la plastiki lenye dawa, lililokuwa bado halijatiwa sindano, kwa vidole vyake vidogo, akalamba dawa yote hadi tone la mwisho.

Maghanga alikuwa bado ameshika kile chuma mkononi.

Dakta akavuta kiti. Akaongea polepole, kama mtu anayeangalia kitu kisije kikakimbia.

"Panya hawezi kutapika, Mzee Nyange. Wewe ukila sumu utairudisha. Yeye alichomeza kimemezwa. Kwa hiyo panya ni mwoga wa chakula kuliko mnyama yeyote. Anajuaje kipi kinafaa? Ananusa kinywa cha mwenzake. Kama mwenzake amekula kitu na bado anapumua, basi pumzi ile inamwambia: nimekula hiki, na niko hai." Akanitazama. "Wewe umempulizia pumzi yenye dawa. Amekuhesabu kuwa panya mwenzake."

Nimewahi kupewa heshima kadha wa kadha maishani. Moyale walinipa ngamia. Hii ilimpita ngamia.

Ikawa ndiyo desturi ya chumba. Mkia akapewa kipimo kidogo kila asubuhi, Mgongo akapewa cha kati. Kwa cha Mgongo nilikunywa kikombe kizima na tumbo likaniendesha hadi jioni, Maghanga akiniuliza nyuma ya mlango wa choo kama mizimu inasemaje. Lakini panya walilamba wenyewe, wakanenepa, na manyoya yakang'aa. Kichwa, aliyekuwa akingoja zamu yake, nilimzoesha kwa juisi ya muwa, na kila mara nilionja na kutasa kwanza. Nilikaa mwilini mwake kwa muda mrefu hata nikaanza kujua utamu wa kulala rundo, mgongo kwa mgongo, wakati huwezi kujua moyo unaodunda ni wa nani.

*

Kisha ikafika zamu ya kipimo kikubwa.

"Nipe langu," nikamwambia dakta.

Hakukunja mikono. Aliiweka mezani. "Hapana. Kwa uzito wako ni sufuria nzima. Kipimo hiki ndicho cha kuona kama dawa inaua. Sitakupa."

"Basi kijiko tu," Maghanga akasema. "Aonje kijiko, apulizie. Panya atajuaje ni kijiko au sufuria?"

Hapo ndipo nikaliona nililolifanya. Kichwa alikuwa kwenye ukuta wa tundu tayari, pua juu, akinisubiri. Alikuwa amenyimwa chakula tangu jana jioni kama kanuni inavyotaka, tumbo jepesi, na ndani ya uzi nilisikia jinsi alivyokuwa akiungoja uso wangu. Hakuwa na shaka. Mimi ndiye niliyemwondolea shaka.

"Hapana," nikasema. "Nikimtasia sasa nitakuwa namwambia: nimekula hiki, na niko hai. Sijakila."

"Mpe kwa chuma basi."

"Hatuwezi," dakta alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Wale wawili wamelamba. Huyu akipewa kwa chuma, baraza litasema njia zimetofautiana, wataitupilia mbali kazi yote. Mnywaukungu utasubiri msimu mwingine. Ni alambe, au hakuna."

Maghanga akanigeukia. Uso wake, ambao siku zote ulikuwa unatafuta kichekesho, ulikuwa umekuwa kama ukuta.

"Mzee. Mke wangu hafungui macho kwa uvimbe. Jana amekojoa kiasi cha kujaza kifuniko cha soda. Msimu mwingine! Na wewe unaogopa kumdanganya panya?"

"Mtasie wewe," nikamwambia.

Akachukua kijiko. Akakipeleka hadi midomoni. Akakirudisha mezani. Yeye alikuwa Mtaita vilevile, na alijua kilichokuwa moyoni mwake saa ile.

"Nina hasira," alisema. "Nina hasira na wewe, na huyu, na kila kitu kinachokojoa."

Dakta akageukia dirishani, nikaona mabega yake yakitikisika, sikujua ni kicheko au kilio.

Nikasimama nikaenda kwenye beseni. Nikasukutua kinywa kwa maji, mara nyingi, hadi uchungu wa zamani na utamu wa muwa vyote vikaisha. Nikarudi, nikafungua mlango wa tundu walimokaa wote watatu, nikaweka bomba la kipimo kikubwa ndani. Halafu nikainamisha uso bila kupuliza chochote.

"Unafanya nini?" Maghanga akanong'ona.

"Namwambia kweli. Sijui."

Kichwa akaja mbio. Akanusa midomo yangu. Akanusa tena, ndani zaidi, pua yake ikigusa meno. Nilikuwa pande zote mbili: nilikuwa kinywa kitupu, na nilikuwa pua inayotafuta ndani ya kinywa kitupu na kukosa. Sijawahi kuwa maskini kama nilivyokuwa kwenye pua ile.

Akashuka. Akaliendea bomba, akalinusa, akarudi nyuma. Akaenda kona. Akajifuta uso kwa mikono, kama wafanyavyo wakiwa na jambo.

"Amekataa," dakta alisema polepole.

Maghanga akakaa chini, sakafuni.

Lakini Kichwa hakuwa amemaliza. Aliinuka akaenda mahali Mgongo alipolala, aliyekuwa amelamba kipimo chake asubuhi ile. Akamsukuma kwa paji la uso hadi akaamka. Akaweka pua kwenye midomo yake. Nami, kwa uzi, nikaisikia: pumzi ya Mgongo, ya joto, ya ngano na usingizi, na ndani yake mnywaukungu. Chungu. Hai. Kisha akamwendea Mkia, akafanya vilevile.

Nilipata kumwuliza njia mtu mmoja nisimwamini, nikamwuliza wa pili na wa tatu. Sikujua kwamba yuko mwingine duniani, mwepesi kuliko yai la bata, anayefanya hivyo.

Akarudi kwenye bomba. Akalishika. Akaanza kulamba.

Sisemi alikubali kama mtu anavyokubali. Alikuwa na njaa, na hakujua vipimo. Nasema nilichokiona: aliuliza, na hakuniuliza mimi.

*

Mchana ukawa mrefu.

Kwanza tumbo likawa zito na moto. Kisha manyoya yakamsimama, miguu ya nyuma ikapoa, pumzi ikawa inakuja kwa kukumbuka. Mimi kwenye kiti meno yaligongana, dakta akanifunika blanketi.

"Sema yanayompata."

"Baridi. Miguu haipo. Kizunguzungu."

"Maumivu?"

"Yapo. Si ya kukata. Ya kubeba."

Neno langu lilikuwa nyuma ya meno. *Basi.* Nikilisema, dakta angempa unga wa makaa na maji ya chumvi, angepona labda. Na Saru asingepata kitu. Maghanga alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuniomba. Sikuthubutu kugeuka.

Nikaacha kusikiliza baridi, nikashuka chini zaidi, mahali ambapo mwili haujisemi. Na huko nikazikuta figo zake. Mbili, kila moja kama punje ya kunde. Nitaeleza vipi? Niliwahi kusimama ndani ya kinu cha maji, usiku, katikati ya mawe na unga, kila gurudumu likijua kazi yake. Ilikuwa hivyo, ndani ya punje ya kunde. Damu iliingia chafu ikatoka safi, ikaingia tena, bila mtu kuamrisha, na ile dawa nyeusi ilikuwa ikipokelewa, ikipimwa, ikitolewa nje. Zilikuwa zimechoka. Zilikuwa hazijashindwa. Nikafikiri: na mimi nina hizi. Na Maghanga. Na Saru ana hizi, zimezibwa vumbi, na bado zinajaribu. Nimebeba kinu hiki ubavuni kwa miaka yote ya kuzurura kwangu na sijakisalimu hata siku moja.

Mgongo akaja akajilaza upande wa kushoto wa Kichwa. Mkia akaja kulia. Joto lao likaingia.

Ndipo nikasikia maji yakimwagwa. Maghanga alikuwa kwenye beseni. Alichota maji kinywani, akaja juu ya tundu, akapuliza manyunyu mepesi yasiyomlowesha mtu.

"Kama nilikukasirikia, itoke," alisema. "Kama nilitaka ubebe kisichokuwa chako, itoke. Ukiishi, ishi. Ukifa, sikuwa na hasira na wewe."

Harufu chungu ya mkono wake, ambayo Kichwa aliijua tangu siku ya kwanza, ilikuwa bado ipo. Lakini sasa ilikuwa huzuni tupu, bila kisu ndani.

Sikusema basi. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa sababu nilisikia vizuri, au kwa sababu nilimpenda Saru kuliko yeye. Nadhani yote mawili, na sitajaribu kuyatenganisha.

Jua lilipogusa nyavu za ukungu upande wa Mbololo, Kichwa alikojoa. Dakta akachukua kipande cha karatasi, akakichovya, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakishikilia hapo muda mrefu mno.

"Safi," alisema. "Mweupe kama maji ya mvua."

Na Kichwa akanyoosha mguu wa nyuma, ule ambao haukuwepo, akajikuna sikio.

*

Baraza lilipitisha baada ya siku za kumtazama kutimia na mashine ya mwanga kupita juu ya ini na figo za wote watatu bila kukuta kovu. Tukashuka wodini asubuhi: mimi, dakta, na Maghanga mwenye tundu mkononi, kwa maana Sheria ilimtaka mwenza akae na uzi hadi mgonjwa wa kwanza anywe.

Saru alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Uso umevimba, macho mistari miwili. Lakini ulimi haukuwa umevimba.

"Wenzangu wanaletewa machungwa," alisema. "Mume wangu ananiletea panya."

"Ni mgeni wako," Maghanga akasema. "Mheshimu."

Dakta akamkabidhi kikombe. Saru akakinusa, akakunja uso, akakishusha mapajani.

"Nani ameonja?"

Dakta akaanza kueleza vipimo. Saru akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza tena, "Nani ameonja, shemeji?" Alikuwa akinitazama mimi.

"Mimi nimeonja kikombe," nikasema. "Kipimo cha kutisha sikukionja. Kuna aliyeonja kabla yetu sote."

Nikafungua tundu nikamtoa Kichwa. Alikuwa amelamba kipimo chake asubuhi ile. Nikamweka kwenye kiganja cha Saru. Nilitaka amwone tu. Lakini Saru, ambaye hakuna aliyemweleza habari ya pumzi, alimwinua karibu kwa sababu macho yake hayakuweza kuona mbali, karibu zaidi, hadi pua zikagusana. Wakakaa hivyo. Niliona manyoya ya njano ya utosini yakipepea kwa pumzi ya mwanamke.

"Ananuka dawa," Saru alisema.

"Ndiyo."

"Na yuko mzima."

"Yuko mzima."

Akanywa. Akanywa yote bila kupumzika, akatikisa kichwa kwa uchungu, akasema neno la Kitaita ambalo sitaliandika.

Kichwa akapanda mkono wake, akapita bega, akafika kwenye midomo iliyokuwa bado na unyevu. Akainuka kwa miguu ya nyuma. Akanusa mara moja, mara nyingine, na mimi kwenye kiti changu, na uzi wangu baridi kisogoni, nikasikia moyo ule mdogo, uliokuwa ukidunda kwa kasi ya mgeni mahali pageni, ukipunguza mwendo, ukitulia. Alikuwa amemkuta mwingine aliyekula kile alichokula yeye, na anayepumua.

Akajikunja shingoni mwa Saru, akalala.